Simu Iliyolia Mkuyuni

Hapa Buswelu ninapoishi sasa, ukuta wangu wa mbele umegeuka kijiwe cha madereva. Vijana wa malori ya mchanga na wa bodaboda huegesha hapo wakisubiri kazi, na mimi hutoa kiti changu nje nikawasikiliza. Juzi walibishana kuhusu simu, kama ni haki kumkataza mtu kuongea na simu huku anaendesha. Mmoja alisema katazo hilo limewekwa ili trafiki wapate chai. Mwingine akasema mtu mzima anajijua, na kama mkono mmoja unatosha kula muhindi wa kuchoma barabarani, unatosha na kushika simu. Halafu wakanigeukia, wakaniuliza babu unasemaje.

Nikasema ikatazwe. Nilijibu upesi mno, wakacheka. Walidhani ni uzee, kwamba mzee Manyama hapendi simu. Simu naipenda, tena sana. Mke wangu akiwa kwao Majita tunaongea mpaka sikio linapata moto. Nilitaka kuwaeleza kwa nini nasema hivyo, lakini kijiweni huwezi kumaliza habari. Ukifika penye maana, abiria anaita na kijana anawasha pikipiki. Basi nimeona niwaandikie. Someni mkiwa mmeegesha.

Kazi ya gari nilianza kama utingo wa lori la pamba, enzi ambazo pamba yote ilikuwa ya ushirika. Dereva wangu alikuwa Mkerewe mmoja mnene, Mzee Tungaraza, aliyenifundisha karibu kila kitu ninachokijua. Tangi la dizeli likitoboka njiani, alikuwa anachukua sabuni ya mche, anaikanda kwa mate, anaziba tundu, na tunafika. Kila tuliposimama alizunguka gari na kuweka kiganja kwenye kila tairi na kila kitovu cha gurudumu, kama mama anayepima homa ya mtoto. Lenye joto kuliko wenzake lina ugonjwa, alikuwa akisema. Hata leo ninyi mnapiga tairi teke. Teke halikuambii kitu. Weka kiganja.

Mzee Tungaraza alikuwa msemaji ajabu. Kutoka Mwanza mpaka Magu alikuwa anaweza kusimulia ndoa zote za ukoo wao. Lakini alikuwa na tabia moja iliyonichekesha mwanzoni. Katikati ya sentensi, gari likikaribia kona au daraja au ng'ombe, alinyamaza kimya, kama redio iliyoisha betri. Tunavuka, tunanyooka, tunaenda kitambo kirefu, mimi nimeshasahau, mara anaendelea palepale alipoachia: "...basi yule shemeji akamjibu." Na mimi nikajifunza kunyamaza. Nikiona ng'ombe wanakuja, hata kama nilikuwa nina habari tamu mdomoni, ninaimeza. Hakuna aliyeniamuru. Macho yangu na yake yalikuwa yanatazama barabara ileile.

Nawaambia hili kwa sababu kila mara mtu ananiuliza, mbona kuongea na abiria hamkatazi? Ndiyo sababu yenyewe. Aliye kando yako anaona unachokiona. Aliye kwenye simu yuko ofisini kwake, au yuko jikoni anachambua mchicha, haoni ng'ombe. Ataendelea kuongea mpaka juu ya kichwa cha ng'ombe.

Miaka ya tisini ushirika ukalegea. Wanunuzi binafsi wakaingia, pamba ikawa ya anayewahi, na sisi madereva tukapunguzwa kazi, wengi kwa siku moja. Nilikaa nyumbani msimu mzima nikiangalia mikono yangu. Kilichoniokoa ni sangara. Mnajua ilivyokuwa, viwanda vya minofu vilisimama ufukweni kimoja baada ya kingine, ndege zikawa zinabeba samaki kwenda Ulaya, na mtu yeyote aliyeweza kupata lori la mtumba na boksi la kutunzia ubaridi akawa tajiri au akafilisika, ilitegemea barafu.

Mmoja wa waliotajirika alikuwa Mama Getruda wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Alianza kwa kuuza dagaa kwa kopo, na nilipomfahamu mimi alikuwa na malori mawili yaliyokuwa yanakusanya sangara kwenye mialo ya wavuvi ya upande wa Sengerema na kuwaleta kiwandani Mwanza kwa kivuko cha Kigongo. Mwanamke mrefu, mwenye sauti, hana mzaha na kazi, lakini dereva akifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika na sufuria. Aliniajiri bila kuniuliza maswali. Alinipa lori la majaribio, niliporudi akaniona nikiweka kiganja kwenye tairi, akasema njoo kesho.

Lori la pili lilikuwa la Elikana. Kijana kutoka Ukerewe, mcheshi, mwenye mikono ya dhahabu. Sisemi kwa kumsifu tu. Alikuwa anaweza kurudisha lori kinyumenyume kupanda kwenye kivuko chenye utelezi akiwa anachungulia dirishani na anaimba. Wiki yake ya kwanza tulimcheka sana. Aliona maji yanavuja chini ya boksi, akadhani ni ubovu, akaziba matundu yote vizuri kwa matambara na sabuni. Barafu ikayeyuka njiani, maji yakakosa pa kutokea, na alipofungua milango pale kiwandani samaki walitoka kwa kuogelea. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote. Kwa hiyo mkibeba samaki, kumbukeni, maji yavuje, na kwenye kona punguzeni mapema, maana samaki na barafu havitulii kama marobota ya pamba. Mzigo unakusukuma begani.

Sasa simu. Mama Getruda alinunua tatu kwa mpigo, moja yake na moja kwa kila gari. Zilikuwa nzito, zina antena ya kuvuta, na siku ya kwanza nusu ya Mwaloni ilikuja kuziona. Alipiga kelele ndani ya ile simu kana kwamba Sengerema ingemsikia hata bila mtambo. Tulifurahi sote. Msidhani tulikuwa washamba wa kuogopa. Mtu aliyewahi kulala na gari bovu porini, samaki wanaharibika na hana wa kumwambia, anajua simu ni kitu gani.

Shida ilikuwa mawimbi. Siku zile simu ilishika mjini tu. Huko mialoni ilikuwa kama jiwe, Busisi jiwe, Usagara jiwe. Lakini ukiukaribia mji, ukiteremkia Nyegezi, ilizinduka. Na Mama Getruda alikuwa ameketi Mwaloni tangu asubuhi anapiga na kupiga, kwa sababu lango la kiwanda lilikuwa halimsubiri mtu, na magari ya wenzake yalikuwa kwenye foleni. Kwa hiyo barabara yote nyeupe isiyo na watu simu ilikuwa imelala, na ilikuwa inalia mahali palepale penye soko, baiskeli, mikokoteni na watoto wa shule. Kuanzia Butimba mpaka Mkuyuni ilikuwa haikomi. Umefika wapi. Umefika wapi.

Mimi nilikuwa naizima nikishuka kivukoni, naiwasha kwenye lango la kiwanda. Mama aligundua. Aliniita Mwaloni mbele ya watu, lakini hakunifokea. Alisema kwa utulivu, na utulivu wake ndio uliokuwa unatisha.

"Manyama, hii simu nimeiweka nijue mali yangu iko wapi. Kama huitaki simu, basi kazi nayo huitaki."

Nilimwambia nitaiacha wazi, ila ikilia nitatafuta pa kuegesha kwanza. Akakubali kwa shingo upande. Ikawa kila siku mimi nafika nyuma ya Elikana, kwa sababu kwenye barabara ile kuegesha lori si kama kuegesha baiskeli. Elikana alikuwa anapokea hukohuko anaendesha, anamwambia mama yuko wapi, wanaelewana, anawahi lango. Alisifiwa. Nilianza kusikia kwamba gari langu huenda likapata dereva mwingine. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na nilijua kukaa nyumbani kunafananaje. Siwafichi, kuna siku nilimwonea wivu.

Halafu ekseli ya gari langu ikakatika huko Sengerema. Tukahamishia samaki wangu kwenye gari la Elikana, na mimi nikapanda naye kwenda mjini kutafuta kipuri. Mchana ule jua lilikuwa kali, barafu inayeyuka haraka, mzigo ni mkubwa kuliko kawaida. Tulivuka Kigongo vizuri, Usagara vizuri. Elikana alikuwa ananiambia habari za mchumba wake. Tulipoanza kuingia Nyegezi simu ikalia, akaipokea, akamwambia mama tuko karibu. Ikakatika. Tukipita Butimba ikalia tena. Nikamwambia, Eli, achana nayo, tunakaribia Mkuyuni. Akainua kidole kunionyesha nisubiri kidogo.

Ilikuwa saa ambayo watoto wa madarasa ya chini wanatoka shule. Walikuwa wanavuka kutoka kulia, mstari mrefu uliokatikakatika kama watoto wanavyotembea, wana fagio na vidumu vya maji. Niliwaona mbali. Niliona pia kwamba gari halipungui. Nikamtazama Elikana, na macho yake yalikuwa mbele kabisa, wazi, yanatazama barabara. Hilo ndilo lililonichelewesha kupiga kelele. Nilidhani amewaona.

Nilipaza sauti, "Watoto!" Naye akashtuka kama mtu aliyeamshwa, akakanyaga breki, akavuta usukani kushoto. Mzigo ukatusukuma begani. Lori likaingia mtaroni, likasimama kidogo kana kwamba linafikiri, kisha likalala ubavu, ubavu wangu. Elikana akaniangukia. Nikasikia milango ya boksi inafunguka na samaki wanamwagika, sauti kama ya mvua kubwa inayokuja juu ya ziwa. Kisha kimya, na ndani ya kile kimya sauti ndogo ya Mama Getruda kwenye simu, chini ya miguu yetu, inaita, "Elikana? Eli?"

Tulitokea dirisha la dereva. Hatukuwa tumevunjika. Watoto walikuwa wametawanyika kama vifaranga, wengine wanalia, watu wa sokoni wanawakusanya. Nikaanza kupumua. Ndipo binti mmoja mdogo akaja akasimama mbele yangu, mikono kichwani, akasema, "Kabula alikuwa mbele yangu."

Tukatazama. Kwenye ukingo wa boksi, pale lilipobana majani ya mtaroni, kulikuwa na kiatu kimoja cheusi cha plastiki, na kando yake kidumu cha njano kilichobonyezwa kikawa bapa.

Mnajua lori la samaki likianguka inavyokuwa. Watu huja na ndoo. Siku ile walikuja na ndoo, wakaona kile kiatu, na wakazitumia kuchota barafu. Hakuna aliyetoa amri. Walijipanga, samaki wakawa wanapita mkono kwa mkono mpaka ng'ambo ya pili ya mtaro, wanalazwa kwenye nyasi, na nawaambia mbele ya Mungu sikumwona mtu akiondoka na hata mkia. Kulikuwa na fundi seremala jirani, akaleta magogo na jeki yake. Madereva wengine wakasimamisha magari wakaleta jeki zao. Tulijua lazima mzigo utoke kwanza, la sivyo boksi lingeshuka zaidi kwenye tope.

Elikana hakungoja. Alikuwa amelala kifudifudi anafukua tope chini ya boksi kwa mikono, anaita lile jina asilolijua kabla ya hapo. Kabula. Kabula. Watu wawili walijaribu kumtoa kwa sababu gari lingeweza kumshukia. Alirudi.

Mama wa mtoto alifika akikimbia. Alikuwa anakaanga mihogo palepale sokoni Mkuyuni, mikono yake bado ina unga. Wanawake walimzuia asisogee. Hakulia. Alikuwa anasema tu kwamba asubuhi mtoto alimwambia kiatu kinambana, na yeye akamwambia avae hivyohivyo.

Kisha teksi ikasimama, akashuka Mama Getruda. Simu ilikuwa bado mkononi mwake, hakuwa ameikata. Baadaye alinieleza kwamba alisikia yote, kelele yangu, breki, ule mngurumo, halafu watoto wakilia, na simu ilimweleza kila kitu isipokuwa kile alichotaka kujua. Alitazama kiatu, akaelewa bila kuambiwa. Alivua viatu vyake, akafunga kanga kiunoni, akaingia mtaroni akaanza kuzoa barafu kwa mikono mitupu kando ya Elikana. Kuhusu samaki hakuuliza, wakati huo wala baadaye.

Boksi likawa tupu. Tukasukuma jeki na magogo, wanaume wakashika ukingo, seremala akahesabu, tukanyanyua. Likapanda kidogo, kisha zaidi. Elikana akaingia chini mpaka kiunoni. Pale sokoni penye kelele zote zile nilikuwa nasikia maji yakidondoka.

Akatoka. Akasema hakuna mtu.

Tukashangaa, hatukufurahi bado. Hakuna mtu, basi yuko wapi? Wengine wakaanza kutazama ndani ya mtaro, kule maji yanakoelekea. Na wakati huohuo nikasikia sauti ya ugomvi inakuja kutoka upande wa ziwa. Alikuwa bibi mmoja mfupi, mkali, amemshika mtoto wa kike mkono, anamvuta. Mtoto alikuwa na kiatu mguu mmoja. Bibi alikuwa anauliza kila anayepishana naye, kwa sauti ya mtu aliyechoka na dunia, nani kamnyang'anya mjukuu wake kiatu na kidumu, maana amefika nyumbani mbio hivi alivyo, kajificha uvunguni, na hataki kusema.

Yule bibi alikuwa hajui lolote. Aliona umati, lori limelala, samaki wamepangwa kwenye nyasi kama nguo zilizoanikwa, na watu wote wanamtazama yeye na mjukuu wake. Akasimama. "Kwani kuna nini?" akauliza.

Siwezi kuwaeleza ile sauti iliyotoka kwa watu. Haikuwa kicheko wala kilio. Mama Kabula alikaa chini palepale, juu ya samaki, na mtoto akamkimbilia. Bibi naye akakaa alipoelezwa. Seremala aliachia gogo likamwangukia mguuni, na akalishukuru. Mimi nilicheka mpaka bega likaniuma, na hapo ndipo nilipojua kwamba limeteguka. Elikana alikwenda nyuma ya duka, nikasikia anatapika. Mama Getruda alibaki amesimama mtaroni na tope mpaka magotini, mikono imekufa ganzi kwa barafu, akimwangalia yule mtoto kama anayetaka kuhakikisha ana mikono miwili na miguu miwili. Kisha akaona simu yake, aliyoiweka juu ya jiwe, akaikata.

Trafiki alikuja, akampeleka Elikana kituoni. Nilikwenda naye. Tulikaa kwenye benchi, na aliniambia jambo ambalo ndilo nataka mlichukue hata mkisahau mengine yote. Alisema, "Kaka Manyama, niliwaona wale watoto. Niliwaona tangu mbali. Lakini kichwani walikuwa hawajafika."

Fikirieni hapo. Mnaniambia sasa mna vifaa vya kuchomeka masikioni, mikono iko huru. Mikono ya Elikana haikuwa na kosa. Mkono wake mmoja ulikuwa unajua kazi kuliko miwili yangu. Macho yake yalikuwa wazi. Kilichokuwa hakipo ni yeye. Alikuwa Mwaloni, anaongea na mama, na lori lilikuwa linapita Mkuyuni peke yake.

Siku zile hapakuwa na sheria iliyoitaja simu. Trafiki alikuna kichwa, hakujua aandike nini, mwishowe akaandika kuendesha kwa uzembe. Mama Getruda alifika kituoni bado na tope, akasalimia, akamwomba yule afande amwandike na yeye. Afande akadhani ni mzaha. Mama akamwambia, "Mimi ndiye niliyempigia. Nilikuwa namuuliza amefika wapi, na alikuwa amefika palepale penye watoto. Kama yeye ana kosa, langu ni lipi?" Afande alisema hana kifungu cha kosa hilo. Mpaka leo nadhani hakipo. Ningekuwa na uwezo ningekiweka. Tunamkamata anayepokea, sawa, lakini mke, tajiri, au mpenzi anayejua kabisa kwamba huyu yuko barabarani na bado anapiga mara nne mfululizo, naye ana mkono kwenye usukani ule.

Tangu siku ile Mama Getruda alikuwa mtu mwingine kwenye jambo hilo. Gari lilikuwa linasimama Nyegezi, dereva anashuka, anapiga, anasema niko Nyegezi, anafunga simu mpaka kiwandani. Yeye akawa hapigi kabisa. Wenzake pale Mwaloni aliwaita akawataka nao wafanye hivyo. Wakabisha. Mmoja akamuuliza, sasa tumenunua simu za nini? Akamjibu kwamba wamenunua za kupata habari za gari lililosimama. Baadhi walimfuata, baadhi walisema ajali imemtia woga. Na mimi, siwafichi, nililala vizuri. Hakuna aliyezungumza tena habari za kunitafutia mbadala.

Lakini Kabula hakuwa sawa. Baada ya siku kadhaa mama yake alikuja Mwaloni. Tulidhani amekuja kudai, na Mama Getruda alikuwa tayari kumpa haki yake, kiatu na kidumu vilikuwa vimeshanunuliwa siku ya pili tu. Hakudai. Alisema mtoto anafika ukingoni mwa barabara anakuwa kama mti. Hata akishikwa mkono na mama yake havuki. Shule haendi. Usiku anaota lori halina mtu ndani. Akamwomba Mama Getruda, yule dereva aje amwone mtoto, na mtoto amwone yeye, ajue kwamba ndani ya lori huwa kuna mtu.

Elikana aliogopa kuliko alivyoogopa polisi. Leseni yake ilikuwa bado imeshikiliwa, kwa hiyo asubuhi, tunapotoka mjini kwenda Sengerema, alikuwa anapanda na mimi. Nikawa naegesha kando kabla ya soko, anashuka, anakwenda kwa mama wa mihogo. Siku ya kwanza Kabula alijificha nyuma ya mama yake. Elikana alichuchumaa, wakatazamana, akarudi, basi. Siku iliyofuata alimweleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa ndani, na akamwomba radhi kama mtu anavyomwomba mtu mzima. Mtoto alimuuliza kama samaki walikuwa na maumivu. Baada ya hapo akampa mkono. Wakawa wanasimama ukingoni pamoja, wanatazama magari yakipita, hawavuki, mpaka siku moja walivuka. Kila asubuhi Elikana alikuwa anamshika mkono, anamfikisha ng'ambo, anarudi garini, tunaondoka. Kiwandani walijua kwamba tutachelewa kidogo, Mama Getruda alikuwa ameshawaambia.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye usukani, nimeegesha, injini nimezima. Niliwaona wamesimama ukingoni kama kawaida. Kabula akamwambia neno, akauachia mkono wake. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena. Elikana alikuwa ameinua mikono yote miwili nusunusu, kama mtu anayebeba kitu kisichoonekana, lakini hakumgusa. Mwenye lori la matofali aliyekuwa anakuja alipunguza, akasimama. Mtoto akavuka, hakukimbia, kidumu chake kipya kinamgonga mguuni. Upande wa pili hata hakugeuka nyuma. Alikwishawaona wenzake.

Elikana alirudi, akapanda, akafunga mlango polepole. Simu, niliyokuwa nimeiwasha nilipoegesha, ikalia kwenye kiti katikati yetu. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Getruda kupiga tangu ajali, na alipiga kwa sababu alijua saa ile tumeegesha. Elikana akaitazama, akanitazama mimi, nikamwonyesha ufunguo mkononi mwangu. Akapokea.

"Tuko Mkuyuni, mama," akasema. "Tumesimama. Amevuka mwenyewe."